Tovuti ya picha imebadilishwa muundo bila taarifa: nawezaje kuokoa albamu ya familia na maoni yake?

Mtunza Albamu (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu katika jambo lililoninyima usingizi tangu juzi. Kwa miaka tisa nimekuwa nikiweka picha za familia yetu katika tovuti moja ya kushirikishana picha, ambayo sitaitaja kwa jina kwa kuwa ninatafuta ufumbuzi, sitafuti ugomvi. Juzi asubuhi nilipoingia kama ilivyo kawaida yangu, nilikuta mwonekano wote umebadilika. Sikupata barua pepe, sikupata arifa, wala hapakuwa na tangazo lolote katika wiki zilizotangulia. Kulikuwa na kisanduku kidogo tu kilichonikaribisha kwenye muundo mpya, chenye kitufe kimoja cha kukubali. Kitufe cha kukataa au cha kusubiri hakikuwapo.

Rangi mpya na herufi mpya ningezivumilia. Kilichoniumiza ni albamu moja. Marehemu mama aliacha picha 186 za karatasi, nami nilizipiga skani zote pande mbili, kwa sababu nyuma ya karibu kila picha kuna mwandiko wake: jina la mtu, mwaka, pengine neno moja tu. Nilipakia kwanza pande zote za mbele, kisha za nyuma, halafu nikaketi jioni baada ya jioni nikizipanga kwa mkono ili kila picha ifuatwe na mgongo wake. Sasa zimepangwa upya kwa tarehe ya kupakiwa, na zote zimekatwa ziwe mraba. Zile pande za nyuma, ambazo ni karatasi iliyofifia yenye mstari mmoja wa wino karibu na ukingo, zinaonekana kama vipande vya kijivu visivyo na chochote, kwa kuwa mstari wenyewe ndio uliokatwa.

Kuna picha ya 64, ya wasichana watatu wamesimama mlangoni. Sote tuliamini kwamba wa katikati ni mama. Miaka minne iliyopita shangazi aliandika chini yake kwamba wa katikati ni rafiki yao, na kwamba mama ni yule wa kushoto aliyegeuza uso. Hakuna mahali pengine popote ambapo jambo hilo limeandikwa. Katika muundo mpya maoni yamefichwa nyuma ya alama ndogo ya kijivu ambayo shangazi, kwa umri wake, hakuiona. Alinipigia simu jana akiuliza kwa nini nimefuta alichoandika. Nilimweleza, lakini nilisikia katika sauti yake kwamba hakuniamini sawasawa.

Ninauliza mambo matatu. Je, kuna njia ya kurudisha mwonekano wa zamani? Maoni ya ndugu zangu yanaweza kuhifadhiwa nje ya tovuti hiyo pamoja na picha zenyewe? Na je, kulalamika kwa wahusika kunasaidia chochote, au ni kupoteza muda?

Kabati la Picha

Pole sana, ndugu mleta mada. Nimehifadhi picha za familia na za vikundi mbalimbali kwa muda mrefu, na mambo ya namna hii yamenikuta zaidi ya mara moja, kwa hiyo nitaanza na lile la haraka: usifute chochote na usianze kuzipanga upya ndani ya muundo mpya. Wiki za kwanza baada ya mabadiliko mafundi huwa bado wanarekebisha, na kazi utakayoifanya leo yaweza kuvurugwa tena kesho.

Ule ukataji wa mraba, kwa kawaida, haugusi faili lako. Tovuti nyingi hutengeneza nakala ndogo za kuonyesha kwenye ukurasa na kuacha faili la awali kwenye seva. Fungua picha moja tu ya upande wa nyuma, ipakue kwa saizi kamili, kisha linganisha upana na urefu wake na faili lililo kwenye kompyuta yako. Vikilingana, mwandiko wa mama yako uko salama na kilichoharibika ni dirisha la kuuangalia.

Kuhusu maoni, nenda kwenye mipangilio ya akaunti utafute sehemu ya kuomba nakala ya taarifa zako zote. Huduma kubwa nyingi zinayo. Flickr, tovuti ya kushirikishana picha, hutoa mafaili ya zip yenye picha, na pamoja nayo mafaili ya JSON, yaani mafaili madogo ya maandishi, yenye vichwa, maelezo na maoni. Huduma ya Takeout ya Google nayo huleta faili la JSON kando ya picha zilizotoka Google Photos. Watu wengi huona mafaili hayo madogo wakadhani ni takataka na kuyafuta, ilhali ndiyo yaliyobeba maneno waliyoandika, kwa sababu maelezo uliyoyaandika kwenye tovuti mara nyingi hayamo ndani ya faili la picha. Unaweza kulifungua faili la JSON kwa programu yoyote ya kuandikia maandishi. Tafuta humo jina la shangazi yako. Ukilipata pamoja na maneno yake, umeshinda sehemu ngumu.

Wakati unasubiri nakala hiyo, ambayo yaweza kuchukua saa chache au siku kadhaa, fungua kurasa zenye maoni ya thamani na uzihifadhi moja moja kama PDF, maoni yakiwa yamefunguliwa na majina ya waandishi yakionekana. Ni kazi ya kuchosha, najua. Anza na ya 64.

Halafu kuna jambo ambalo mimi nililijifunza nikiwa nimekwisha kuumia: mpangilio usiuache kwenye tovuti, uweke kwenye majina ya mafaili. Picha ya 64 iitwe 064a, na upande wake wa nyuma 064b. Popote utakapoyahamishia, kwenye kompyuta au kwenye diski ya nje, yatajipanga yenyewe mbele na nyuma. Na ukitaka maneno ya shangazi yakae ndani ya faili la picha lenyewe, programu ya bure iitwayo ExifTool inaweza kuyaandika kwenye sehemu ya maelezo ya faili, yakasafiri na picha popote iendapo.

Fundi wa Kurasa

Ninafanya kazi ya kubuni na kutengeneza kurasa za namna hii, ingawa si katika tovuti unayoizungumzia. Kwa swali lako la kwanza, nadhani jibu ni hapana. Mwonekano wa zamani ukishaondolewa kwa watumiaji wote, haubaki mahali fulani ukisubiri kuwashwa. Kuendesha miundo miwili kwa pamoja kunamaanisha kurekebisha kila hitilafu mara mbili, na kampuni nyingi huukata ule wa zamani mapema iwezekanavyo.

Nieleze pia kwa nini hukupewa taarifa, ingawa kueleza si kutetea. Muundo mpya huanza kwa kuonyeshwa kwa sehemu ndogo ya watumiaji, vipimo vinaangaliwa, kisha idadi huongezwa hadi wote wamefikiwa. Kwa kampuni, kila hatua inaonekana kama jaribio dogo lisilostahili tangazo, na wewe unayefikiwa mwishoni unaamka na kukuta nyumba imehamishwa. Tena wapo wakuu wanaoamini kwamba kutangaza mapema ni kuita malalamiko kabla watu hawajaona kitu chenyewe. Nimekaa kwenye mikutano ambamo jambo hilo lilisemwa waziwazi, na ninaona ni kosa.

Lakini tatizo kubwa zaidi liko kwenye vipimo vyenyewe. Vinahesabu muda ambao mtu anakaa, idadi ya anavyobofya, picha mpya anazopakia. Albamu kama yako, inayofunguliwa na ndugu kumi mara chache kwa mwaka, haionekani kabisa kwenye grafu. Hakuna aliyekaa akaamua kuiharibu. Hakuna aliyejua kwamba ipo.

Malalamiko husaidia wakati mwingine. Mwezi Desemba 2018 Instagram iliwabadilishia watu wengi namna ya kupitia picha, wakawa wanatelezesha kwenda pembeni badala ya chini, na mabadiliko yakaondolewa siku hiyo hiyo; mkuu wake alieleza kwamba lilikuwa jaribio dogo lililosambaa kuliko ilivyokusudiwa. Julai 2022 walijaribu tena kujaza skrini nzima kwa picha na video za watu usiowafuata, kelele zikawa kubwa, nao wakarudi nyuma. Hata hivyo, kinachomfikia fundi ni malalamiko yanayoonyesha kitu. "Muundo wenu ni mbaya" hupita kama upepo. Ukituma picha mbili za skrini, moja ya karatasi nzima yenye mwandiko na nyingine ya kile kipande cha kijivu, pamoja na sentensi moja inayosema kwamba mpangilio wa mkono umepotea, mtu ataweza kuifanyia kazi.

Mwenyeji wa Zamani

Naomba nitofautiane kidogo na Fundi wa Kurasa, kwa heshima. Mifano aliyoitoa ni ya mambo yaliyorudishwa. Mimi nilikuwa mtumiaji wa Flickr tarehe 20 Mei 2013, siku ambayo Yahoo, waliokuwa wamiliki wake, waliubadilisha mtandao ule. Walitupa hifadhi ya terabaiti 1 bure, jambo ambalo wakati ule lilikuwa kubwa mno, na siku hiyo hiyo zile picha ndogo zilizopangwa kwa nafasi nyeupe kati yake zikawa ukuta wa picha kubwa zilizobanana. Jukwaa la msaada lilijaa malalamiko kwa maelfu. Marekebisho ya hapa na pale yalifanyika, lakini muundo wa zamani haukurudi kamwe.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2018, Flickr ilinunuliwa na kampuni ya SmugMug, na mwezi Novemba wamiliki wapya wakatangaza kwamba akaunti za bure zitakuwa na kikomo cha picha 1,000. Uamuzi huo ulikuwa mzito kuliko ule wa 2013, kwa sababu picha zilizozidi zingefutwa. Lakini ulitangazwa miezi mitatu kabla, na baadaye muda ukasogezwa hadi Machi 2019. Nilikasirika, ndiyo, ila niliketi nikapakua picha zangu zote kwa utulivu. Mabadiliko madogo ya ghafla yalinivuruga kuliko mabadiliko makubwa niliyoambiwa mapema, na ndiyo maana sikubali kabisa hoja kwamba watu hulalamika kwa sababu tu hawapendi kitu kipya.

Kinyume chake ni yale ya Photobucket, tovuti nyingine ya kuhifadhi picha, mwaka 2017, ambapo masharti yalibadilishwa na watu wakatakiwa kulipa dola 399.99 kwa mwaka ili picha zao ziendelee kuonekana kwenye kurasa za nje. Majukwaa mengi yenye mafunzo ya ufundi, yaliyoelekeza hatua kwa hatua kwa picha, yalibaki na maandishi na alama tupu.

Msomaji kwa Sauti

Mimi nina uoni hafifu, na ninaandika kwa sababu ya shangazi yake mleta mada. Watu humwambia mtu wa umri wake kwamba atazoea. Mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazofikika, WCAG, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na alama za vitufe kwa uwiano usiopungua 3 kwa 1; alama ya kijivu juu ya kijivu mara nyingi haifiki hapo. Huko si kushindwa kuzoea. Pale nilipokuwa nikiweka picha zangu, muundo ulibadilishwa usiku, na asubuhi programu yangu ya kusoma skrini ilinisomea "kitufe, kitufe, kitufe", kwa kuwa hakuna aliyeviwekea vitufe vipya majina. Nilikuwa nimehesabu njia nzima: mara nne kushuka, mara moja kulia, nimefika kwenye maoni. Njia hiyo ilikuwa kichwani mwangu, na iliondolewa bila mtu kunijulisha hata siku moja kabla.

Ndugu Mtunza Albamu, katika barua yako taja hali ya shangazi waziwazi. Kampuni nyingi zina mtu au kitengo kinachoshughulikia ufikivu, na barua zinazokwenda huko husomwa na watu wengine kabisa.

Kabati la Picha

Nilisahau jambo moja. Ikiwa tovuti hiyo inawahudumia watu wa Umoja wa Ulaya, basi inafungwa na GDPR, sheria ya umoja huo ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, na Kifungu cha 20 cha sheria hiyo kinampa mtu haki ya kupewa taarifa alizozitoa mwenyewe katika mfumo unaosomeka na kompyuta. Anayelindwa na sheria hiyo anaweza kuitaja katika ombi lake. Maoni ya shangazi, hata hivyo, ni ya shangazi, kwa hiyo ni vizuri naye aombe nakala kutoka kwenye akaunti yake. Msaidie kufanya hivyo.

Mtunza Albamu (mleta mada)

Ndugu zangu, nawashukuru mno. Nimerudi kutoa taarifa baada ya siku sita.

Saizi za picha zinalingana. Nilipakua ya 64 na mgongo wake, na mwandiko wa mama upo wote hadi ukingoni. Nakala ya taarifa ilifika siku ya tatu ikiwa na mafaili ya zip matano. Katika mafaili ya JSON nimekuta maelezo yangu yote na maoni ya ndugu, isipokuwa ya binamu mmoja aliyekwisha kufunga akaunti yake; yake yalikuwa bado yanaonekana kwenye ukurasa, nami nimeyahifadhi kama PDF. Namba za mpangilio wangu wa zamani hazimo, kwa hiyo ninabadilisha majina ya mafaili kwa mkono, na nimefika 118a.

Barua nimeituma na picha mbili za skrini kama nilivyoelekezwa, nikaeleza pia habari za alama ya kijivu. Bado sijajibiwa zaidi ya ile barua ya kujiendesha inayosema wameipokea.

Jana nilikwenda kwa shangazi nikiwa na kompyuta, nikamfungulia faili lenyewe, nikamsomea maneno yake kuhusu msichana wa kushoto. Alinisahihisha tarehe moja, kisha akaniambia jina la yule rafiki wa katikati, ambalo hakuwa ameliandika mwanzoni. Nimeliandika papo hapo ndani ya faili la 064a.