Mashine ya kahawa ya nyumbani: niko Nakuru, nishaurini kabla sijatupa pesa

Mama Zawadi (Lanet)
Hamjambo wenzangu. Mimi ni muuguzi, na siku za zamu ya mchana natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu, giza bado. Mjomba wangu ana mibuni kule Solai, na kila nikimtembelea hunifungia kahawa iliyokaangwa tayari. Shida ni kuisaga. Natwanga kwenye kinu, nusu inakuwa vumbi, nusu kokoto, nachemsha kwenye sufuria, kisha nanywa nikitema mashapo. Nimechoka.

Nina shilingi 25,000. Dukani nimeonyeshwa mashine imeandikwa "bar 15", ina mrija wa kutoa povu la maziwa. Mume wangu ni mtu wa chai, kwa hiyo ni kikombe changu tu. Maji yetu ni ya kisima, huacha ukoko mweupe kwenye birika la stima. Ninunue?

Fundi wa Kondele (Kisumu)
Dada, ngoja kwanza. Hiyo "bar 15" isikuzuzue. Bar ni kipimo cha msukumo wa maji, na espresso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, hutaka bar 9 hivi. Hiyo 15 ni nguvu ya pampu ikifika mwisho wake, si kitu utakachokionja. Tena ukitia humo unga wako wa kinuni, maji yatatafuta njia kwenye kokoto na kuliacha vumbi limeshikana. Utapata kikombe kichungu na kichachu kwa mpigo.

Mashine yako ya kwanza ni ya kusagia. Chukua ya mkono, yenye meno ya chuma. Ile ya kisu kinachozunguka kama blenda hukatakata tu, utarudi kule kule kwa kinu.

Halafu birika la moka, lile la Kiitaliano: maji chini, kahawa katikati. Linakaa kwenye meko ya gesi, stima ikipotea halina habari. Maji yasifike kwenye vali ya pembeni, unga ujaze bila kuushindilia, moto mdogo. Likianza kukoroma, epua hapo hapo. Si espresso hasa, lakini ukimwagia maziwa moto hutalalamika.

Ule ukoko ni chokaa. Kwenye birika utauchemsha na maji ya limau utoke. Kwenye mashine ya pampu huziba vijimirija vya ndani, na mimi ndiye huletewa. Kuna moja niliifungua juzi, chokaa nene kama ganda la yai.

Na mtumba wa Marekani uuogope. Mimi, fundi mzima, nilinunua moja bila kusoma kibandiko cha chini: volti 120. Zetu ni 240. Ilinguruma, ikanuka, ikanyamaza. Mke wangu mpaka leo huniuliza kama kahawa iko tayari.

Mwalimu wa Lurambi (Kakamega)
Mimi nina ile mashine ya vidonge, yaani vikopo vidogo vyenye kahawa iliyosagwa tayari. Nabonyeza, nakunywa, naondoka. Kwa mtu wa alfajiri ni raha. Ila vidonge vikiisha nangoja mtu anayetoka Nairobi, na kahawa ya mjomba hutaitia humo.

Mama Zawadi (Lanet)
Asanteni sana. Na ile jagi ya kioo yenye chujio la kusukuma chini? Jirani anayo.

Fundi wa Kondele (Kisumu)
Nzuri pia, kama hupendi kali sana. Saga punje kubwa kama chumvi ya mawe, gramu 30 kwa nusu lita, dakika nne, sukuma polepole. Huko Nakuru mko juu, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo usiyapoze, mimina tu birika likizima. Ubaya wake ni kuosha. Mashapo yote yanabaki chini, na ukiyamwaga kwenye sinki kila siku utamtafuta fundi wa mabomba, si mimi.

Mama Zawadi (Lanet)
Basi cha kusagia kwanza, na moka. Nimempigia mjomba kumweleza, anauliza kile kinu alichonipa kina kosa gani.