Kikundi cha "Nyumba ya Babu": nani asome, nani aandike

Jumamosi

[2:14 asubuhi] Shangazi Rehema: Habari za asubuhi wote. Bakari mwanangu, lile faili la ukoo alilolianza Zuhura linafunguka vizuri kwangu. Nimelisoma lote. Nimeongeza watoto wa kaka yetu mkubwa, wote 9, lakini nikihifadhi inaniandikia "soma tu". Nimerudia mara tatu.

[2:16] Bakari: Shikamoo shangazi. Tafadhali usifunge hilo dirisha! Hifadhi kwanza kwenye kompyuta yako kwa jina lingine, ili majina usiyapoteze. Kisha tutaangalia seva, ile kompyuta ya nyumbani inayotunza mafaili yetu.

[2:19] Shangazi Rehema: Marahaba. Nimehifadhi.

[2:21] Salim: Hata mimi juzi ilinigomea hivyohivyo. Kaka, si uende tu kwenye ruhusa za ile folda, uweke "Kila mtu", kusoma na kuandika? Dakika moja imekwisha.

[2:22] Zuhura: Hapana jamani. Mmesahau picha za Bibi?

[2:23] Salim: Zile si zilirudi?

[2:26] Zuhura: Hazikurudi zote. Folda ilikuwa wazi kwa kila mtu, na tableti ya mtoto ilikuwa imeunganishwa iwe inalandanisha, yaani kinachobadilika huku kibadilike na kwenye seva. Mtoto akafuta picha kwenye tableti apate nafasi ya mchezo, seva nayo ikafuta zake. Kwenye diski ya nakala rudufu tulikuta zile za zamani tu. Zile 40 nilizokuwa nimeziskani wiki hiyohiyo hazikuwepo. Nyingine ilibidi nikaziskani upya, na nyingine karatasi zenyewe zilikuwa zimesharudishwa kwa wenyewe. Mtoto hakufanya kosa lolote, sisi ndio tulimwachia mlango wazi.

[2:27] Mama: Kweli kabisa. Ile ya Bibi amesimama mlangoni sijaiona tena.

[2:31] Bakari: Ndiyo sababu sitaweka "Kila mtu". Salim, njoo uone, maana siku nisipokuwepo utaitengeneza wewe. Nimeingia kwenye seva nikaliangalia faili lenyewe:

-rw-r--r-- zuhura users ukoo.docx

Kile kistari cha mwanzo kinasema hili ni faili. Baada yake herufi zinakwenda tatutatu. Tatu za kwanza ni za mwenye faili, za katikati ni za kikundi, za mwisho ni za wengine wote. Zuhura ana r na w, anasoma na kuandika. Kikundi kina r peke yake, wengine vilevile. Kwa hiyo asiyekuwa Zuhura anasoma tu. Seva haijaharibika, inafanya ilichoambiwa.

[2:33] Salim: Lakini kwenye ukurasa wa seva nilimwona shangazi amepewa kusoma na kuandika.

[2:36] Bakari: Na ni kweli amepewa. Ila milango ni miwili. Wa kwanza ni wa folda inayoshirikiwa kwenye mtandao, huo ndio uliouona. Wa pili ni wa faili lenyewe ndani ya diski. Inabidi ukubaliwe na yote miwili, na ule mkali zaidi ndio unaoshinda. Watu wengi hutengeneza wa kwanza, kisha wanashangaa.

[2:37] Salim: Sawa, basi nikibadilisha hilo faili tu?

[2:41] Bakari: Utabadilisha leo, kesho Zuhura akiweka jingine shida ni ileile. Dawa iko kwenye folda. Nimeunda kikundi kinaitwa waandishi: Babu, shangazi, Zuhura na mimi. Folda ya ukoo nimeikabidhi kwa kikundi hicho, ruhusa 2775. Nambari tatu za mwisho zinafuata mpangilio uleule, mwenye, kikundi, wengine, na kila moja ni hesabu ya kujumlisha: kusoma 4, kuandika 2, kupita 1. Basi 7 ni vyote, 5 ni kusoma na kupita. Ile 2 ya mbele kabisa ndiyo yenye kazi kubwa hapa, inafanya kila faili jipya lirithi kikundi cha folda badala ya kikundi cha aliyeliunda. Na kwenye mipangilio ya Samba, ile programu ya seva inayoshirikisha folda kwenye mtandao, nimeandika create mask 0664 na directory mask 2775, ili faili jipya lizaliwe likiwa tayari linaandikika na kikundi kizima.

[2:42] Salim: Mbona faili 664 na folda 775? Si tungeweka namba moja kote?

[2:45] Bakari: Swali zuri sana. Folda isiyo na ile 1 haiingiliki, hata kama una ruhusa ya kusoma. Utaona majina, lakini hufungui kitu. Na faili halihitaji 1, kwa sababu waraka si programu. Kwa hiyo ukirekebisha vitu vya zamani kwa mkupuo tumia amri yenye X kubwa: chmod -R u=rwX,g=rwX,o=rX (u ni mwenye, g kikundi, o wengine). Hiyo X kubwa inaipa folda ruhusa ya kupita na kuziacha nyaraka kama zilivyo.

[2:47] Bakari: Shangazi, jaribu sasa.

[2:50] Shangazi Rehema: Bado. Soma tu.

[2:58] Bakari: Nimeona. Nimeiuliza seva kwa smbstatus nani yuko ndani. Kutoka kompyuta ya shangazi aliyeingia si rehema, ni salim.

[2:59] Salim: Eh! Nilipokuja kukuunganishia shangazi niliingia kwa akaunti yangu ili nijaribu, nikaweka tiki ikumbuke nenosiri. Nisamehe shangazi.

[3:00] Shangazi Rehema: Hakuna neno baba, ulikuwa unanisaidia.

[3:04] Bakari: Ndiyo maana, Salim hayumo kwenye waandishi. Na Windows haikubali kuingia kwenye seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja, inashikilia la kwanza. Shangazi, kwenye kisanduku cha kutafuta andika "Credential Manager", ufungue sehemu ya Windows, utafute jina la seva yetu uliondoe. Kisha zima kompyuta uwashe. Ikikuuliza, andika rehema na nenosiri lako mwenyewe.

[3:17] Shangazi Rehema: IMEHIFADHI! Watoto wote 9 wamo. Alhamdulillahi.

[3:18] Zuhura: Nawaona hapa. Asante shangazi, hao wawili wa mwisho sikuwa nawajua kabisa.

[3:20] Mama: Na mimi nikiwa safarini nitaona picha kwa simu? Kuna mtu aliniambia unafungua tu kitu kwenye ruta.

[3:23] Bakari: Mama, hiyo tusifanye kabisa. Mlango 445 wa seva, yaani njia ya mtandao inayopitia mafaili, haufunguliwi kwenye intaneti. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea dunia nzima kwa kupitia SMB (utaratibu ambao kompyuta hutumia kushirikiana mafaili) ya zamani, toleo la 1, kikafunga mafaili ya watu na kudai malipo. Hapa toleo hilo nimelizima. Nitakuwekea VPN kwenye simu, ukiiwasha utakuwa kama uko nyumbani.

[3:31] Babu: Bakari, na barua zangu je? Nani anaziona?

[3:34] Bakari: Shikamoo babu. Folda yako ni 700, yaani wewe peke yako. Ila sitakuficha: mimi ninayesimamia seva nikitaka naweza kuifungua. Sijafanya hivyo. Ukitaka hata mimi nisiweze, nitaifunga kwa ufunguo wa siri, lakini ufunguo ukipotea barua zimepotea, hakuna fundi wa kuzirudisha.

[3:42] Babu: Marahaba. Usifunge. Nataka Zuhura azisome, maana ndiye anayeandika habari za ukoo. Asome tu, asiguse neno hata moja. Nilivyoandika ndivyo nilivyoandika.

[3:44] Salim: Hapo tunamtia kwenye kikundi?

[3:49] Bakari: Hapana. 700 haiwezi kumtaja mtu mmoja, na sitaki kuunda kikundi cha mtu mmoja. Hapa natumia orodha ya ruhusa: setfacl -R -m u:zuhura:rX. Kisha naurudia mstari huohuo nikiongeza -d, ili barua atakazoandika babu kesho zirithi ruhusa hiyo. Na kwenye mlango wa kwanza nimemwongeza Zuhura, kusoma tu. Zuhura, toka uingie upya.

[3:56] Zuhura: Imefunguka, barua 31. Nimeunda faili tupu, imekataa. Nimejaribu kubadilisha jina la moja, imekataa pia.

[3:58] Babu: Vizuri. Anza na ile ya chini kabisa, ndiyo ya kwanza.