Peugeot 504 inachemsha ikiwa mwendo mdogo, feni haishiki. Msaada wakuu

Kijiweni_Mikindani:
Wakuu, habari za majukumu. Nina Peugeot 504 ya petroli, aliniachia marehemu mzee. Barabara kuu kuelekea Mingoyo mshale wa joto unatulia katikati, raha tupu. Balaa ni nikizunguka Mtwara mjini mchana, au nikipanda Newala nyuma ya lori la korosho: mshale unapanda hadi jirani na nyekundu. Rejeta imezibuliwa, maji hayapungui, mkanda mpya. Feni inazunguka kivivu, hata nikikanyaga mafuta haiongezi upepo. Fundi mmoja anataka kutoa themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto, mwingine anasema nifunge feni ya umeme ya Corolla. Kabla sijakata waya, nishaurini.

Bwana_Spana:
Toa themostati mkuu. Huku Kusini joto mwaka mzima, ya nini?

Fundi_Waya_Ligula:
Bwana Spana, unampoteza mwenzio. Gari likitulia kwenye mwendo na kuchemsha likienda taratibu, cha kwanza kuangalia ni upepo. Ukitoa themostati, injini itakuwa baridi barabarani na mafuta yatakwenda, halafu mjini itachemka vilevile.

Mtoa mada, feni ya Pijo hiyo haina mota. Inazungushwa na puli ya pampu ya maji, na katikati kuna sumaku ya umeme. Maji yakipata moto, swichi ya joto inapeleka umeme kwenye kaboni, kile kipande cheusi kinachosukumwa na springi, kaboni inagusa pete iliyo nyuma ya puli, sumaku inavuta, feni inashikana na puli. Isiposhika inaburuzwa tu na beringi, ndiyo huo uvivu unaouona.

Zima injini. Zungusha feni kwa mkono, iwe nyepesi. Chomoa waya wa kaboni, kisha leta waya kutoka chanya ya betri, wenye fyuzi njiani, uguse hapo. Ukisikia "klak" na feni ikawa nzito, sumaku ni nzima. Rudi nyuma kwenye fyuzi na swichi ya joto. Ipite swichi kwa kipande cha waya, umeme usipitie ndani yake, uone. Kukiwa kimya, tatizo ni kaboni, pete, sumaku, au nafasi kati ya sumaku na feni imezidi. Nafasi hiyo haifiki hata nusu milimita.

Mama_Pickup:
Mimi nilifunga ya umeme na sijuti. Ila fundi aliipitisha moja kwa moja kwenye swichi ya dashibodi, bila relei, yaani swichi ya pembeni inayobeba umeme mkubwa badala ya ile ya dashibodi. Plastiki ya swichi ikayeyuka, gari zima likanuka. Ukiamua hivyo, weka relei, fyuzi karibu na betri, na ethi (waya wa hasi) safi kwenye bodi, si juu ya rangi.

Kijiweni_Mikindani:
Mama, umenitisha kweli. Fundi Waya, nimejaribu: kimya. Nikasukuma kaboni kwa kijiti kikavu, klak! Nikiachia, inaachia. Pete ina ukungu wa kijani.

Fundi_Waya_Ligula:
Basi sumaku yako haina kesi. Kaboni imeisha, springi haiifikishi tena kwenye pete, na chumvi ya bahari imemalizia kazi. Pete isugue kwa msasa laini kabisa, ifute kwa petroli, iache ikauke kabla ya kugusa umeme wowote. Usiipake grisi.

Kaboni ya 504 ukiikosa hata Gerezani kwa wauza spea wa Dar, nunua ya alteneta iliyo nene kidogo, uisugue kwenye msasa uliolazwa mezani, upande kwa upande, hadi itelezee kwenye kishikio chake bila kubana. Ikibana hata kidogo, springi haitaisukuma na utarudi hapa kulalamika.

Bwana_Spana:
Je, akiweka taa ndogo kwenye dashibodi ajue feni imeshika?

Fundi_Waya_Ligula:
Aweke, waya autoe pale kwenye kaboni. Ila ajue taa itawaka hata kaboni ikiisha tena, kwa sababu umeme unakuwa umefika pale. Taa ikiwaka na mshale bado unapanda, asimamishe gari, azime injini, aanze na kaboni.