Likizo hii mtoto anataka kemia ya jikoni, nianze na nini?

MamaBinti: Wakuu habarini, binti yangu yuko darasa la nne, kutwa anaangalia vile vivideo vya maji yanabadilika rangi, sasa anataka tufanye wenyewe. Maelekezo yanataka kabichi la zambarau, soko la huku kwetu sijawahi kuliona. Tufanyeje na vitu vya kawaida? Kuna mdogo wake wa miaka mitatu, kila kitu mdomoni.

Shangazi_Tanga: Choya dada! Chemsha kiganja kimoja kwa vikombe viwili vya maji, usitie sukari, chuja iache ipoe, gawa glasi tatu. Moja kamulia ndimu, wekundu unazidi. Ya pili tia maji ya magadi kidogo kidogo, inaenda zambarau mpaka kijani kijani hivi. Ya tatu iache ya kulinganishia. Ila kabla hujamimina muulize anadhani itakuwa rangi gani, ukimwambia mapema utamu umeisha. Halafu rudishia ndimu kwenye ile ya magadi, inatoa povu na wekundu unarudi, wangu walipiga kelele jirani akaja kuchungulia. Povu lile ni kaboni dayoksaidi, hewa ile ile ya kwenye soda. Na glasi usiziache mezani, zinafanana na juisi kabisa, huyo mdogo atakunywa magadi.

fundi_mchundo: Naongezea manjano. Shati la shule la kijana wangu lilimwagikiwa mchuzi, dada wa kazi akalisugua na sabuni ya mche, doa likawa jekundu kama damu, mama yake nusura azimie 😂 kumbe manjano ikikutana na besi (kinyume cha asidi, kama hiyo sabuni) ndo inavyofanya, tukadondoshea ndimu likarudi njano.

Mkitaka puto lijijaze lenyewe, weka hamira, sukari na maji ya vuguvugu kwenye chupa, mdomoni vika puto. Usifunge kizibo kama mimi, dari mpaka leo ina alama. Na Jik isikae karibu na ndimu wala siki, inatoa hewa ya klorini, hiyo sio mchezo.

MamaBinti: Asanteni sana, ya choya tumefanya jana, kapiga kelele kweli. Ila leo asubuhi ile glasi ya kijani imekuwa kahawia, ananiuliza kwa nini nimebaki natoa macho.

Shangazi_Tanga: Magadi yanaivunja ile rangi taratibu. Mwambie aweke ndimu sasa hivi aone kama wekundu utarudi wote kama jana.