Vifukofuko vya nondo, Wete hadi Unguja: boti, ndege au posta?

mkarafuu_wete: Assalaam alaykum. Mwenzetu wa Fuoni anataka vifukofuko, zile nyumba za nyuzi anazojisokotea kiwavi kabla hajawa nondo, vya Argema mimosae, wale nondo wa mkia mrefu. Nimpelekee kwa boti ya Mkoani, ndege ya Chake, au posta? Mfuko wangu unasema boti.

fuga_pete: Waalaykum salaam. Posta itoe. Kikikwama ghalani wikiendi, nondo akatokea humo ndani, mbawa zinakosa pa kuning'inia zikunjuke. Zikikauka vile vile ndo basi, haruki tena. Na umri wenyewe uko wapi? Akishatoka hali kitu, anaishi kama wiki tu.

binti_chake: Mie nasema ndege. Nusu saa ushatua.

fuga_pete: Nusu saa ya angani, dada. Kigari cha mizigo kikisimama juani je? Joto ndilo linaloua. Mimi boti, ila akae nacho mtu unayemjua, ndani kwenye viti. Usimpe kuli akakiweka karibu na injini, wala juu kwenye maji ya chumvi.

mzee_mngongo: Mnagombania chombo, ufungaji hamuulizi! Tafuta boksi gumu, kila kifuko kizungushie karatasi laini ya chooni, kisha jaza mpaka ukilitikisa husikii kitu. Pamba siitaki, nyuzi zake hunasa miguu ya nondo. Nailoni ndiyo kabisa usiguse: inatoa jasho, ukungu unaingia. Vitundu vichache vya sindano kwenye boksi vyatosha, bundo, yaani mdudu aliyelala ndani ya kifuko, anavuta hewa kidogo mno. Na mwenzako akiona kifuko chenyewe kina matundu asidhani kimeliwa, Argema ndivyo anavyosokota. Vimesokotwa lini?

mkarafuu_wete: Vinne mwezi uliopita, viwili juzi.

mzee_mngongo: Hivyo viwili viache. Ngozi ya bundo bado laini, ikigongwa inapasuka. Na hivyo vinne, kimoja kikianza kukwaruza ndani usikitume.

binti_chake: Na mtu akiwa Ulaya?

fuga_pete: Hapo kibali kwanza. Wafugaji wa vipepeo wa Amani, Tanga, walikuwa wakiuza nje vizuri tu; serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016, wakakwama.

mkarafuu_wete: Basi nampa shemeji, anashuka Unguja Jumamosi. Juu ya boksi niandike nini?

mzee_mngongo: "Wadudu hai, usiweke juani."

binti_chake: Hahaha, shemeji atapata safu nzima ya viti peke yake.