Tupeane uzoefu: waridi la pinki la kizamani, nyie wa Mtwara na Lindi mnalilea vipi na mnalitumiaje?

Mleta mada (Shangani, Mtwara)

Wakuu habari za jioni. Niko Shangani hapa mjini, nyumba ya kupanga ina kauwanja kadogo mbele, na ndani ya miaka miwili nimeshaua mawaridi matatu. Sitanii, matatu. Yale mekundu makubwa yanayoletwa na gari kutoka juu huko yakiwa kwenye viriba vyeusi, unalinunua lina ua moja limechanua na tumba mbili, unalipanda kwa mbwembwe zote, wiki ya tatu majani yanaingia madoa meusi, yanageuka njano, yanapukutika, unabaki na fimbo yenye miiba.

Sasa mwezi wa tano nikaenda Mikindani kumsalimia bibi. Nyuma ya jiko lake kuna waridi la pinki, lile la maua madogomadogo yanayotoka kwa vichala, harufu inakupokea hujafika mlangoni. Mama anasema alilikuta. Yani mama ana miaka sitini na kitu na alilikuta! Mbuzi wamelila, ukuta wa mawe ya matumbawe umeliangukia, fundi akamwaga chokaa iliyobaki palepale kwenye shina, na bado lipo. Nikamuuliza bibi unalipa nini hili? Akanitazama kama nimemuuliza anawapa nini kunguru. "Maji ya kuoshea vyombo mjukuu wangu. Likinizidi nalikata."

Nikaomba mbegu, akanikatia vijiti vitano kwa kisu cha samaki, akavifunga kwenye kipande cha kanga kilicholowa, nikarudi navyo kwenye bajaji nimevipakata. Vitatu vilikauka, kimoja mchwa walikila chini kwa chini nikaja kukishika kikabaki mkononi, kimoja ndo kimeshika na sasa kina matawi manne. Hakijatoa ua.

Kwahiyo wenye mawaridi ya aina hii mwageni uzoefu, ya shambani, ya jikoni, ya harusini, yote.

Wa Naliendele

Mkuu kwanza hongera, kimoja kati ya vitano kwa mtu wa mara ya kwanza sio mbaya. Kosa ni wakati. Mwezi wa tano mvua ndo zinakata na kusi (upepo wa kusini) linaanza kuvuma, kijiti hakina mizizi na upepo unakausha. Mimi napanda Januari, mvua zimekolea. Unachukua tawi lililomaliza kutoa ua, unene wa penseli, urefu kama shibiri, ukate kwa mshazari chini kidogo ya jicho (pale chipukizi linapotokea), majani yote toa ubakize mawili ya juu, macho mawili yaingie ardhini. Kijiti nakichomeka kwanza kwenye jani la mshubiri ndo nakipanda, sijui kama ni mshubiri unaosaidia au ni imani tu ila ndivyo nilivyofundishwa. Halafu chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako unaifunikia juu. Kivulini. Usivute vute kuangalia kama kimeota!!! Mwezi hadi mwezi na nusu utaona chipukizi.

Sasa kisa changu. Nina mawaridi kama kumi na mawili yamepangwa kufuata uzio. Upande mmoja wa uzio ni mikorosho ya jirani. Mwaka juzi kwenye mwezi wa saba hivi mawaridi yangu yakaingia ule unga mweupe, majani machanga yanajikunja, tumba zinavaa unga kama zimepitishwa kwenye unga wa muhogo. Kila asubuhi nayaangalia nasikitika. Ila nikaja kugundua kitu, ule mstari uliopakana na mikorosho ni msafi kabisa, wenye ugonjwa ni wa upande wa nyumba. Nikawaza wee mpaka alfajiri moja nikasikia mashine ya jirani inaunguruma, natoka nje nakuta vumbi la salfa limetanda hadi kwangu. Si ndo ubwiri unga huo, ugonjwa ule ule wa unga mweupe anaoupulizia kwenye mikorosho! Kile cha korosho na cha waridi ni vimelea viwili tofauti, ila vyote ni jamii moja ya ukungu na salfa inavimaliza vyote.

Nikaomba kikopo kwa jirani. Na mimi kwa ujuaji wangu nikaipuliza saa saba mchana jua la utosi. Kesho yake majani yameungua kingo, rangi ya chai. Salfa na joto kali haviivani wakuu, nyie si mnaona wenye mikorosho wanapuliza alfajiri umande ukiwepo, nilikuwa nawaona miaka yote nisijifunze.

Mama wa Mitwero (Lindi)

Kwangu waridi ni la kazi sio pambo. Mimi ni somo, nahudumia maharusi hapa Lindi, kwahiyo nina vichaka sita vya hili pinki na hata halitoshi.

Ua linachumwa alfajiri, kabla jua halijapanda. Ukichelewa mpaka saa tatu unachuma rangi tu, harufu imeshaondoka na upepo. Natandaza kwenye ungo, natoa kikonyo na wadudu (ukilitikisa ua utaona vinatoka vidudu vyembamba kama uzi, usiogope), nagawa mafungu. Fungu la kwanza ni singo (ya kumsugua bi harusi mwilini), nakausha kivulini siku tatu nne natwanga pamoja na liwa na karafuu. La pili naloweka kwenye mafuta ya nazi ya kukamua mwenyewe, naweka chupa dirishani.

Fungu la tatu ndo marashi, na hapa watu wengi mnadanganyana eti mpaka mtambo. Sufuria kubwa, katikati weka bakuli juu ya kijiwe safi, pembeni jaza maua na maji yafunike maua tu, funika mfuniko kichwa chini ili kishikio kielekee kwenye bakuli. Juu ya mfuniko weka barafu. Moto mdogo. Mvuke unapanda, unakutana na ubaridi, unateremka kwenye kishikio unadondoka ndani ya bakuli, tone, tone. Barafu ikiyeyuka unaiondoa kwa kata unaweka nyingine. Ukionja harufu ya matone imeanza kuwa kama ya majani yaliyochemshwa, epua, usiwe na tamaa. Ungo mzima unakupa kama nusu chupa ya soda, na uweke kwenye friji maana halina dawa, likikaa nje linachacha.

Mafuta yenyewe ya waridi sahauni, wanaoyatoa kule Bulgaria na Taif ya Saudia wanatumia zaidi ya tani tatu za maua kupata kilo moja. Ndo maana ukiuziwa "mafuta ya waridi orijino" kwa elfu tano jua umeuziwa maneno.

Na huyo wa salfa, ua la kula au la kupaka mwilini usilipulizie chochote. Mimi vidukari nawaosha kwa maji ya sabuni ya mche, majani tu, ua nalikwepa.

Mjukuu wa nahodha

Mama nimesoma harufu ikanijia aisee. Nyumbani Kilwa Kivinje marashi yalikuwa ya maulidi, mrashi wa shaba unapita mstari kwa mstari, sisi watoto tunakinga viganja halafu tunajipaka kichwani mara mbili mbili mpaka tunafukuzwa.

Wa Newala

Nyie wa pwani mnalalamika upepo, njooni huku juu uwandani. Hali ya hewa ni nzuri, usiku baridi, waridi linapenda kabisa, tatizo maji. Kiangazi nanunua maji kwa ndoo, sasa mke wangu akiniona namwagilia ua kwa maji ya kununua unadhani kuna amani ndani? Nilichofanya, nimechimba shimo la futi mbili, chini nimejaza samadi ya mbuzi iliyooza vizuri na majivu kiasi, nikapanda, juu nikafunika majani makavu ya mkorosho unene wa kiganja. Kila siku linapata maji ya kunawia mikono tu, yale ya kwenye beseni baada ya kula. Wageni wakija wengi siku hiyo waridi limeshiba.

Mwezi wa tisa linapukutika karibu lote, mwaka wa kwanza nikajua limekufa nikataka kuling'oa. Mvua za kwanza Desemba likachipua kama limetukanwa. Sasa hivi nalikata mwezi wa kumi na moja, nabakiza goti moja kutoka chini, likichipua linachipua kwa hasira.

Baharia mstaafu (Ligula)

Ngoja niwape kituko. Shemeji yangu yuko Denmark, akanisimulia kule ufukweni kabisa, kwenye mchanga mtupu, kuna waridi pinki linaota lenyewe, upepo wa chumvi, theluji, halijali, linatoa na tunda jekundu kama nyanya ndogo wanalifanyia jamu, vitamini C tele. Asili yake sio kwao, ni pwani za Japani, Korea, China na Urusi ya mashariki, lilipelekwa Ulaya likajisahau, sasa Wadenmark wanalihesabu ni gugu, wanaling'oa kwenye mafungu ya mchanga maana linaua mimea yao ya asili. Jina la kitaalamu Rosa rugosa.

Nikasema hili ndo letu! Linapenda mchanga na chumvi, Msimbati litakuwa kama kwao. Akaja likizo na mbegu kwenye bahasha. Mbegu zenyewe haziamki mpaka zipite baridi, nikazifunga kwenye mchanga mbichi nikaziweka kwenye friji miezi mitatu, mke wangu anauliza huu mchanga kwenye friji ni wa mganga gani. Kumi na moja zikaota mbili! Nilifurahi kama nimepata mtoto. Miezi minne baadaye joto la Novemba likaingia, majani yakasinyaa, moja likafa, la pili limesimama vilevile halikui halifi, mwaka wa pili sasa urefu ni uleule wa kisoda na nusu. Chumvi linaiweza, baridi linaiweza, joto la Mtwara usiku na mchana ndo halikuambiwa.

Wa Naliendele

Hahaha pole mzee wangu. Ila mbegu kwenye bahasha hapana kwa kweli, mimea na mbegu kutoka nje zinatakiwa zipite ukaguzi na kibali, magonjwa ya mimea huwa yanaingia hivyohivyo kwenye mifuko ya mashemeji.

Baharia mstaafu (Ligula)

Nimekubali kosa kijana, hata sirudii.

Mwalimu (Masasi)

Mleta mada, yale mekundu yako hayakufa kwa mkono mbaya. Mengi ya kununua ni ya kubebeshwa, juu aina moja chini shina la aina nyingine. Mimi nilinunua la rangi ya chungwa, mwaka wa kwanza zuri, mwaka wa pili likaanza kutoa maua meupe madogo, nikawaambia watu waridi langu limebadilika. Kumbe chipukizi limetokea chini ya kiungo, la mama mbebaji, limepanda juu limemmeza aliyebebwa. Chipukizi la hivyo unalifukulia mpaka lilipoanzia unalinyofoa, ukilikata juujuu linarudi na wenzake.

Hili la bibi yako linasimama kwa mizizi yake mwenyewe, ndo maana ukuta uliliangukia likachipua lilelile. Na mawaridi ya zamani yenye asili ya China hayasubiri baridi ndo yatoe maua, yanatoa mwaka mzima kwenye joto. Wazungu walipoyapeleka kwao miaka ya 1700 huko ndo na mawaridi yao yakazaliwa upya, kabla ya hapo mengi yalikuwa yanachanua mara moja kwa mwaka basi. La bibi siwezi kuapa ni lipi bila kuliona, ila tabia zake ni hizo.

Madoa meusi dawa yake kubwa ni majani yasilale na maji. Mwagilia asubuhi, chini, kwenye shina. Majani yaliyodondoka okota choma.

Wa Mikindani

Mimi nina swali ndani ya uzoefu. Langu majani ni njano ila mishipa imebaki kijani, na ncha zimekauka kama zimechomwa kiberiti. Kisima changu kina chumvi, chai ukipika huhitaji kuuliza.

Mwalimu (Masasi)

Hapo una mawili kwa mpigo. Njano yenye mishipa ya kijani ni chuma hakipandi kwa sababu udongo wenu wa matumbawe una chokaa nyingi, ongeza samadi nyingi iliyooza na usiweke majivu hata chembe (majivu ya mwenzetu wa Newala ni ya udongo wake, sio wako). Ncha kuungua ni chumvi. Kinga maji ya mvua, na masika ikija acha lioshwe. Ikishindikana, lipande kwenye pipa kwa udongo wa kuletwa.

Mama wa Mitwero (Lindi)

Na apande nyuma ya ukuta, kusi lisilipige uso.

Mleta mada (Shangani, Mtwara)

Wakuu nimerudi. Nimesoma yote nikachukua simu nikampigia bibi, nikamwambia bibi kumbe fundi aliyemwaga chokaa kwenye shina alikuwa analiumiza, watu wanasema chokaa mbaya. Akanyamaza. Akasema, "Kwani lile unadhani ndo la mwanzo? Lile la mwanzo lilikufa mwaka uleule. Hilo nililichomeka mimi, kijiti cha kwa Bi mkubwa jirani, na yeye alichukua kwangu."

Kwahiyo mama hakulikuta hilo, alikutana na mwanawe au mjukuu wake. Nimeahidiwa vijiti kumi Januari, na bibi kasema safari hii nije na chupa zangu mwenyewe, za kwake ana kazi nazo. Mama wa Mitwero, viwili ni vyako, vitakuja na basi la Lindi la asubuhi, niambie tu nimkabidhi nani stendi.

Mama wa Mitwero (Lindi)

Mpe kondakta, mwambie ni vya somo. Usivifunge na nailoni, vitaiva njiani.