MJADALA: Mbwa wamezidi mitaani Mwanza. Wauawe, au wenye majike wawajibishwe?

Wakuu, kuna ndugu yetu wa Igogo ameandika hapa kwamba mbwa wanaozurura wapigwe risasi wote, tuanze upya. Napinga. Hao tunaowaona soko la samaki la Mwaloni wakigombea mabaki ya samaki wengi wana kwao, wana wenyewe.

Shida inaanzia getini. Jike hupata joto, yaani kipindi cha kupandwa, kama mara mbili kwa mwaka. Siku tisa hivi za mwanzo anavimba na kutoa damu, madume wanamfuata ila anawafukuza. Damu ikipungua, mwenye mbwa anadhani yamekwisha, anamfungulia. Kumbe ndipo anapokubali dume, na anaweza kupandwa na madume kadhaa, watoto wa mimba moja wakawa na baba tofauti. Baada ya siku 63 hivi wanazaliwa, halafu wanaishia kwenye boksi kando ya barabara.

Na jamani, tuache kuwapiga mawe au kuwamwagia maji mbwa walionasana! Shina la uume huvimba ndani ya jike, wanaweza kukaa hivyo hata nusu saa, kisha wanaachana wenyewe. Ukiwavuta unawaumiza wote wawili, na mimba huizuii, maana mbegu zimeshaingia.

Wauzaji wa watoto wa mbwa nao wabanwe. Kumpandisha dume kwa binti yake eti kulinda damu ni kurithisha magonjwa. German Shepherd wana tatizo la nyonga linalorithiwa. Dume wa kukodishwa asiyepimwa anaweza kusambaza uvimbe wa sehemu za siri kutoka jike hadi jike.

Pendekezo langu: Halmashauri ya Jiji na Manispaa jirani ya Ilemela wawasajili wanaozalisha kwa biashara, walipe ada, na ada hiyo igharamie kuhasi mbwa wa wasio na uwezo siku ile ile ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Najua upasuaji ni ghali kwa mtu wa kipato kidogo, hoja hiyo ni ya kweli. Ila kumfungia jike wiki tatu za joto kwenye banda lenye mlango imara hakuhitaji daktari.

Shirika la Afya Duniani linasema kichaa cha mbwa hudhibitiwa kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Sasa ndugu wa Igogo, ukiwaua na waliochanjwa, nafasi yao ikajazwa na watoto wasiochanjwa, utamlindaje mtoto anayeng'atwa akienda shule?